Jinsi ya kuwa profesa wa shule ya biashara: mwongozo kamili kwa anayeanzia chini kabisa

Kila baada ya mahafali lazima waje vijana wawili watatu ofisini kwangu na bahasha zao, shikamoo dokta, marahaba, dokta na mimi nataka nibaki chuo. Namuuliza ubaki ufanye nini, ananijibu kufundisha. Hapo huwa namtafutia kiti akae maana stori inakuwa ndefu. Kufundisha ndo kitu kinachoonekana, mtu amesimama mbele shati limenyooka anaongelea mikakati ya ushindani, ila kinachokutoa kwenye uhadhiri wa kawaida hadi watu wakuite profesa ni mambo ambayo mwanafunzi hayaoni kabisa, kukaa na data, kuandika, kukataliwa, kuandika tena. Nimeielezea hii mara nyingi mpaka nikaona bora niandike yote mahali pamoja, mwingine akija namtumia hii mi naendelea na chai yangu.

Niseme mapema, mimi kwa sasa ni mhadhiri mwandamizi, sio profesa. Faili langu la uprofesa mshiriki limeshaenda. Kwahiyo ya ngazi za juu nayasema kama mtu aliyeshika ngazi huku anaangalia juu, ya chini yote nimepita kwa miguu yangu.

Kwanza ujue unaingia wapi

Shule nyingi za biashara kwetu zina historia ya kutengeneza wahasibu na maafisa wa serikali, sio watafiti. Chuo cha elimu ya biashara CBE kilianza 1965, chuo cha usimamizi wa fedha IFM 1972, pale Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kitivo cha biashara na menejimenti kilianza 1979 na ikabidi tufike 2008 ndo kikageuka kuwa shule ya biashara, UDBS. Uganda shule ya biashara ya Makerere, MUBS, ilizaliwa 1997 kwa kuunganisha kitivo cha biashara cha Makerere na chuo cha Nakawa, Nairobi Strathmore wakafungua shule yao ya biashara 2005. Nakwambia hivi kwasababu taasisi mbili zinaweza kufundisha uhasibu uleule lakini kazi ya mwalimu ikawa tofauti kabisa. Moja iko chini ya TCU inayosimamia vyuo vikuu, nyingine chini ya NACTVET inayosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya kazi, moja inakuuliza umechapisha wapi nyingine inakuuliza umebeba vipindi vingapi. Kabla hujaomba tafuta muundo wa utumishi wa hiyo taasisi uusome wote, ni waraka mkavu unaleta usingizi ila ndo ramani yako ya miaka ishirini.

Ngazi zenyewe kwa chuo kikuu Tanzania ziko hivi: mkufunzi msaidizi, ambaye wote tunamwita TA, huyu ana digrii moja. Halafu mhadhiri msaidizi mwenye masta, mhadhiri mwenye PhD, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na profesa kamili. Kutoka TA mpaka mhadhiri unapanda kwa vyeti. Kuanzia hapo kwenda juu cheti hakikusaidii tena, ni machapisho, na kwa kawaida unakaa angalau miaka mitatu kwenye ngazi moja kabla hujaomba nyingine. Wengi wanaosoma PhD hawajui hili, wanadhani wakishaitwa dokta safari imeisha. Wapo watu wazuri tu, wanafundisha vizuri, wamekaa kwenye uhadhiri miaka kumi na tano na hawajasogea hata hatua.

Hatua ya kwanza: GPA, na hapa sina lugha tamu

Matangazo ya Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali) na ya vyuo vyenyewe utakuta wanataka digrii ya kwanza GPA ya 3.5 au 3.8 kutegemea na chuo, na masta 4.0, kwenye skeli ya tano. Una 3.4? Mlango wa TA umefungwa, hata kama ulikuwa unawafundisha wenzako desa usiku kucha. Hii mi naiona sio haki, namjua kijana alipata sapu moja (mtihani wa kurudia) mwaka wa kwanza kwa kuumwa na ile sapu ikamfata maisha yake yote, ila ndo sheria ilivyo.

Kwahiyo kama bado uko mwaka wa kwanza au wa pili, piga msuli sasa hivi, na usizikimbie kozi za takwimu na uchumi eti kwasababu zinashusha GPA. Utazihitaji. Na kama umeshamaliza na GPA yako haifiki, njia zipo ila ni ndefu: kuna waliofanya kazi benki au kwenye kampuni, wakapiga masta nzuri, wakapata PhD nje, wakaja kuajiriwa na vyuo binafsi au vyuo vya nchi nyingine ambavyo vinaangalia zaidi PhD na pepa, yaani makala za utafiti zilizochapishwa.

Hatua ya pili: uwanja

Biashara sio somo moja. Kuna uhasibu, fedha, masoko, rasilimali watu, mikakati, ujasiriamali, ununuzi na ugavi. Watu huchagua kwa kuangalia kozi ipi walipata A, mi nakushauri uangalie vitu viwili vingine. Cha kwanza ni ushindani wa nafasi, wenye masta ya rasilimali watu ni wengi kuliko viti, wakati fedha na uhasibu wenye PhD vyuo vinawatafuta kwa tochi, maana mhasibu mzuri akishapata CPA yake, cheti cha bodi ya wahasibu NBAA, anaona bora aende kwenye hela. Cha pili, jiulize ni kitu gani ungeweza kukiongelea bila kulipwa. Utakaa nacho miaka mingi sana.

Kwa uhasibu CPA inakusaidia, kwa ununuzi na ugavi vilevile cheti cha PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, ila usidanganyike kwamba vinachukua nafasi ya PhD. Vinakupa heshima darasani na kazi za ushauri, basi.

Hatua ya tatu: masta

Hapa fupi. Kama lengo ni chuo, angalia masta yenye tasnifu ya kueleweka. MBA ya jioni ni nzuri kwa meneja anayetaka kupanda cheo, lakini nyingi utafiti wake ni wa kulipua mwishoni, na ukienda kuomba PhD wanakuuliza tasnifu yako iko wapi. Kama umeshasoma MBA usilie, andika pepa moja ya maana kutokana na ule utafiti wako, itakusemea.

Hatua ya nne: PhD, swali kabla ya chuo

Kosa la kawaida ni mtu kutafuta udhamini kwanza halafu ndo anatafuta cha kusoma. Geuza. Ukiwa na swali zuri, supavaiza anapatikana, na supavaiza akikupenda hela ina namna ya kupatikana.

Swali zuri linatoka wapi? Wengi wanafungua jarida, wanaona "athari za uongozi wa mageuzi kwenye utendaji wa wafanyakazi" imefanywa China, wanabandika Tanzania mwishoni, wanaita hilo ni gepu, yaani pengo la utafiti. Sio gepu hilo. Kwamba jambo halijafanyika Singida haitoshi kuwa sababu ya kulifanya Singida, lazima uonyeshe Singida inatufundisha nini ambacho China haikutufundisha.

Nikupe mfano wangu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na duka la vitenge, na tangu nikiwa mdogo nasikia neno mali kauli. Mtu anachukua mzigo wa mamilioni kwa mdomo tu, hakuna karatasi, hakuna dhamana, anauza ndo analipa. Nikaenda kusoma fedha chuo, tukafundishwa mikopo ya kibiashara kati ya msambazaji na mteja, nadharia zote zinaanzia kwenye mkataba na taarifa za mahesabu. Nikajiuliza, mbona bibi hakuwa na vyote viwili na biashara ilienda miaka thelathini? Nani alikuwa anapewa, nani ananyimwa, ukichelewesha nini kinatokea, habari zako zinasambaa vipi mtaa mzima? Hilo likawa swali la PhD yangu, na mpaka leo bado nakula kupitia swali hilohilo.

Wala sio kwamba tunabuni ubaguzi dhidi ya nadharia za wazungu. Moses Kiggundu, Mganda aliyefundisha Carleton kule Canada, pamoja na wenzake wawili walichapisha mwaka 1983 kwenye Administrative Science Quarterly, moja ya majarida makubwa kabisa ya fani yetu. Walipitia tafiti za nchi zinazoendelea wakaona mambo ya ndani ya kiufundi nadharia za Magharibi zinafanya kazi bila shida sana, ila ukigusa uhusiano wa taasisi na mazingira yake, serikali, jamii, ndugu, hapo zinaanza kupwaya. Na Hofstede, Mholanzi aliyepima tamaduni za mataifa, ambaye kila mwanafunzi wangu anamnukuu kuhusu "utamaduni wa Tanzania", kwenye data zake za wafanyakazi wa IBM aliichanganya Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia zikawa kapu moja linaitwa Afrika Mashariki. Muethiopia na Mzambia na mtu wa Tandika kapu moja! Ukilijua hilo unaacha kumnukuu kama msahafu na unaanza kuona kazi iliyobaki.

Sasa supavaiza. Usimwangalie jina, waangalie wanafunzi wake wa mwisho watatu. Walimaliza miaka mingapi, wamechapisha naye, wanamsemaje wakiwa peke yao? Profesa mkubwa ambaye yuko kwenye bodi sita atakusoma sura moja kwa mwaka. Mhadhiri mwandamizi mwenye njaa ya kupanda cheo atakusoma kila mwezi, maana pepa yako ni pepa yake.

Hela: DAAD wa Ujerumani wana udhamini wa kusoma humuhumu kwenye ukanda, Commonwealth wana ule wa kugawanya muda kati ya chuo chako na Uingereza, nchi za Skandinavia zina miradi ya ushirikiano na vyuo vyetu ambayo mara nyingi ndani yake kuna nafasi za PhD. Marekani shule nyingi za biashara zinakulipia ada na posho kwa miaka minne mitano, unaanza na kozi ngumu za takwimu na nadharia, ila wanataka mtihani wa kuingia wa GMAT au GRE na ushindani ni mkali hatari. Ukiweza kwenda huko nenda, zile kozi za mbinu za utafiti ndo pengo kubwa la PhD zetu za kuandika tasnifu tu. Ukibaki nyumbani itabidi uzibe hilo pengo mwenyewe, kaa ujifunze programu za takwimu kama Stata au R mpaka uote. SPSS ya kubonyezabonyeza haitakufikisha mbali.

Hatua ya tano: data, na hapa nitakaa sana

Kwanza vibali. Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi. Tanzania kuna COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, na mwanafunzi wa chuo kikuu cha hapa kwa kawaida unapewa barua ya utafiti na chuo, unaipeleka mkoani, mkoa unakupeleka wilayani, wilaya inakupeleka kata. Weka mwezi mzima wa barua kwenye ratiba yako, wengine wanaweka siku tatu wanaishia kulia.

Sampuli. Kuna fomula ya Yamane ambayo Afrika Mashariki tunaipenda kuliko mama zetu, unachukua idadi yote unagawanya kwa moja jumlisha idadi mara kosa la kipimo kipeo cha pili, watu 1,000 kwa 0.05 unapata 286. Kila tasnifu ina 286 yake. Sasa jopo likikuuliza kwanini 286 usijibu ndo fomula ilivyotoa. Ile fomula inadhani una orodha ya wote na unachagua kwa bahati nasibu. Kariakoo nani ana orodha? Kuna duka moja lina wafanyabiashara wanne ndani, kila mmoja na rafu yake. Mi nilitembea mtaa kwa mtaa na msaidizi, tukahesabu wenyewe wauza nguo wa jumla kwa wiki tatu, tukatengeneza orodha, ndo tukachagua kutoka humo. Hiyo orodha ndo kitu mrivyua wa jarida (mtaalamu anayekagua pepa kabla haijachapishwa) alichokisifia kuliko hesabu zangu zote.

Halafu dodoso. Nilikuwa na sehemu ya kupima moyo wa ujasiriamali, nikatumia kipimo cha watafiti Covin na Slevin cha 1989 chenye maswali tisa ambacho dunia nzima inakitumia. Nikatafsiri, nikampa mwenzangu arudishe kwenye Kiingereza bila kuona ya awali, ikarudi sawa, nikafurahi. Nikaenda kujaribu kwa mama mmoja mtaa wa Kongo, amekaa juu ya robota la khanga. Nikamsomea, "biashara yako ina mwelekeo mkubwa wa kupenda miradi yenye hatari kubwa", moja hadi saba, unakubali kiasi gani? Akaniangalia juu mpaka chini. "Hatari tena baba? Mi hatari sitaki, niandikie moja." Huyu mama alikuwa ametoka Guangzhou mwezi uliopita, ameweka karibu mtaji wote kwenye rangi moja ya kitenge ambayo hakujua kama itatoka.

Tatizo halikuwa tafsiri, neno kwa neno ilikuwa sahihi kabisa. Ila hatari kwa Kiswahili chetu ni nyoka, ni moto, ni gari limekata breki, haina ule upande wa faida. Nikarudi nyumbani nikabadilisha, "huwa unathubutu kuweka hela nyingi kwenye mzigo ambao hujui kama utatoka". Nikamrudia mama yuleyule wiki iliyofuata, akacheka, "sasa hapo ndo umeuliza biashara, andika saba". Kutoka moja mpaka saba, mtu yuleyule, swali lileile. Fikiria tasnifu ngapi zimetoka na hitimisho kwamba wafanyabiashara wetu hawathubutu, kumbe waliulizwa kuhusu nyoka. Kile kisa nilikiandika kwenye sehemu ya mbinu, na nilipokuja kutoa pepa ya pili ilikuwa ni kuhusu hilo tu.

Kwahiyo kabla hujasambaza madodoso 300, kaa na watu kumi, msomee kila mmoja swali kwa sauti, mwambie akueleze ameelewa nini. Siku mbili tatu hizo zinakuokoa mwaka.

Mambo mengine mawili ya uwanjani. Watu wataona unauliza mauzo na watakuuliza wewe sio wa TRA kweli? Usiulize mauzo ya mwaka kwa shilingi, utadanganywa. Uliza marobota mangapi yalitoka msimu wa Idi huu ukilinganisha na uliopita, hapo wanafunguka. Na la pili, usimuulize mtu mmoja kwa siku moja kwa karatasi moja kuhusu uongozi wa bosi wake na utendaji wa kampuni halafu ukatafuta uhusiano, utaupata tu kwasababu mtu mwenye furaha siku hiyo anatiki juu kote. Warivyua wa majarida ya maana wanaua pepa kwa kosa hilo asubuhi kabla ya kahawa. Uliza bosi kitu kimoja na wafanyakazi kitu kingine, au rudi baada ya miezi mitatu.

Hatua ya sita: kuchapisha

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe.

Nianze na aibu yangu. Nilipomaliza PhD ikaja email inaniita profesa mashuhuri, wameisoma kazi yangu wameipenda, nitume pepa. Nikatuma. Baada ya siku tisa imekubaliwa bila koma kubadilishwa, lipa dola 200. Nikalipa kwa mshahara. Nikaiweka kwenye maombi yangu ya kupanda, na kamati ikaipa sifuri, sio alama ndogo, sifuri, mbele ya watu ninaowaheshimu. Ile pepa ilikuwa na data nzuri na siwezi kuichapisha tena popote.

Ili usipite nilikopita: kila jarida lihakiki kwenye orodha ya Scopus, hifadhidata ya kimataifa ya majarida, kwa jina na namba yake ya ISSN, sio kwa nembo waliyobandika kwenye tovuti yao maana nembo mtu yeyote anabandika. Kuna orodha mbili za madaraja ambazo shule za biashara zinazitumia, ya Waingereza inaitwa AJG inayoenda moja mpaka nne na nne nyota, na ya Waaustralia ABDC yenye C, B, A na A nyota. Orodha ya Beall ya majarida ya kitapeli iliondolewa na mwenyewe Januari 2017 kwahiyo nakala zinazozunguka zisome kwa akili. Majarida ya Afrika mengi yako kwenye tovuti ya AJOL, mengine mazuri mengine ya kawaida, muulize mtu wa idara yako yapi yanahesabika. Na usikariri kwamba kila anayetoza hela ni tapeli. Majarida makubwa ya fedha yanatoza hela ya kupokea tu pepa, wakati yale ya Academy of Management, chama kikubwa cha watafiti wa menejimenti, hayatozi. Tapeli utamjua kwa haraka yake.

Mkakati wangu siku hizi: pepa moja naipeleka juu, hata kama itakataliwa napata maoni ya bure ya watu wanaojua kazi. Nyingine naipeleka jarida la kati. Africa Journal of Management, iliyoanza 2015 chini ya akademia ya menejimenti ya Afrika, ni nyumba nzuri kwa maswali kama ya mali kauli kwasababu hawakuulizi kwanini Afrika.

Maana warivyua wa majarida mengine watakuuliza. "Kwanini Tanzania?" ni swali utakaloliona mpaka uzeeni. Mmarekani anayechapisha kuhusu kampuni za Ohio hakuna anayemuuliza kwanini Ohio. Ukishamaliza kukasirika, na kasirika kabisa siku mbili, jibu kwa kazi: mwonyeshe ni sehemu gani ya nadharia inaonekana vizuri zaidi hapa kuliko kwake. Mi nilijibu kwamba kwenye mali kauli hakuna mkataba wala benki, kwahiyo nguvu ya sifa ya mtu inaonekana peke yake, huko kwenu imejificha nyuma ya wanasheria. Alikubali.

Ukipata majibu ya "rekebisha ulete tena", chinja mbuzi, hiyo ni habari njema ingawa barua yenyewe inasomeka kama hukumu. Tengeneza jedwali la safu mbili, kushoto unakopi kila neno la mrivyua, kulia unajibu umefanya nini na ukurasa wa ngapi. Usiruke hata moja. Usipokubaliana naye sema kwa adabu na utoe sababu, wanaheshimu hilo. Na rudisha ndani ya muda, nimeona watu wanakaa na barua ya namna hiyo mwaka mzima kwa woga.

Muda wa kuandika: saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja na nusu, siku nne kwa wiki, simu iko chumba kingine. Nimejaribu kuandika "nikipata nafasi", nafasi haiji.

Hatua ya saba: darasani

Utapewa darasa la watu mia nne na maiki moja inayokata. Gawanya tutorial mapema, sahihisha kazi za coursework kila wiki kidogokidogo, la sivyo ule mwezi wa UE (mitihani ya mwisho wa muhula) utaiona dunia chungu.

Darasa la MBA jioni ni kitu kingine kabisa. Wamekaa mameneja wa benki, mtu wa bandari, daktari anayesimamia hospitali, wamechoka, na wanajua biashara kuliko wewe. Ukiwasomea slaidi wanafungua laptop wanajibu email zao. Hapa njia ya visa, ile ambayo Harvard waliifanya iwe maarufu, inakuokoa: unawapa mkasa wa biashara halisi wenye uamuzi wa kufanya, unamwita mmoja, "mzee Masanja wewe ndo mkurugenzi, unafanyaje?" halafu unakaa kimya. Kile kimya ndo kigumu kujifunza. Na badala ya kutumia visa vya kampuni za Boston kila siku, andika vya kwako, shule zetu hazina vya kutosha vya hapa, na kisa kilichopitiwa na wataalamu baadhi ya vyuo vinakihesabu kama chapisho. Ulizia kwako.

Hatua ya nane: watu, hela na vyeo vya kukupotezea muda

Nenda makongamano, lakini usiende kupiga picha na bango. Chagua moja la ukanda kila mwaka, na ile akademia ya Afrika iliyoundwa 2011 huwa wanafanya warsha za vijana wa PhD, omba. Mkutano wa Academy of Management ni kila mwaka, kwa kawaida Agosti, karibu kila mara Marekani au Canada, viza anza kuitafuta mapema sana.

Ushauri elekezi utakulipa vizuri kuliko pepa, na ndo hatari yake, hatari ya nyoka kabisa. Ripoti ya mradi inalipa kesho, pepa inalipa baada ya miaka mitatu, ubongo unachagua kesho kila siku. Kanuni yangu ni kazi mbili kwa mwaka, na nisiingie mkataba ambao haunipi ruhusa ya kuchapisha kutokana na zile data. Vyeo vya utawala navyo, mratibu wa hiki, mkuu wa idara ya kile, ukiwa bado mhadhiri vikwepe kwa heshima kadri unavyoweza. Utaambiwa wewe ni kijana una nguvu. Sema ndio mzee, ila niacheni nimalize hii pepa.

Hatua ya tisa: faili

Maombi ya kupanda cheo ni faili la ushahidi: machapisho, barua za kukubaliwa, wanafunzi uliowasimamia mpaka wakamaliza, tathmini za wanafunzi, huduma kwa jamii, na pepa zako zinaenda kwa wataalamu wa nje kusomwa. Kenya wanahesabu kwa pointi, na kwetu pia vyuo vina alama zao, pepa ya peke yako haihesabiki sawa na ya watu watano. Fungua folda leo hii ukiwa TA, kila barua weka humo, kila email ya mhariri igeuze PDF, na uwe na nakala mbili sehemu tofauti. Mi niliambiwa hivyo nikajifanya mjanja. Wiki ya mwisho ya kupeleka faili langu ilikosekana barua moja tu, ya pepa ya mali kauli, yenyewe hasa, mhariri ameshastaafu na email ya zamani ya chuo ilishafungwa. Tulipekua nyumba nzima. Nilikuja kuikuta saa sita usiku kwenye flashi ya binti yangu, katikati ya singeli.